Mizani ya Mwaloni

Fomu ina nafasi tatu.
Nimejaza kwa penseli, nimefuta, nimejaza tena,
karatasi imeanza kuota manyoya.

Chuo cha kwanza kiko Dar. Kwenye picha
kuna bendera kumi na moja, nyasi zimekatwa,
na msichana anaichekea kompyuta
kana kwamba imemtania.
Ada ya mwaka: magunia kumi na manne ya dagaa.
Kwetu ndivyo tunavyohesabu.
Dagaa wa jua kali, si wale wa masika wenye mchanga.

Cha pili kiko Dodoma, bei ina huruma,
ila mwalimu wa Kifaransa aliaga mwezi wa tatu
na kiti chake bado kina koti.

Cha tatu ni hapahapa, Mtaa wa Rwagasore,
ghorofa ya pili, juu ya duka la nyavu.
Nilipanda kuuliza kuhusu walimu.
Mhasibu akanipa risiti kabla ya jibu.

Nikashuka hadi ziwani, kwenye lile jiwe
lililobebeshwa jina la Mjerumani.
Mnandi alikuwa juu yake, anaanika mbawa.
Yeye hakuulizwa.

Kaka Magesa, mkata minofu kiwandani,
anasema Kichina, basi, mjadala umekwisha.
Shangazi Nyamisi anasema Kiarabu.
Baba anauliza uhusiano wa kimataifa ni kazi gani,
na kama ofisi yake ipo Nyegezi.
Mama hasemi. Mama anapanga mabondo,
makubwa chini, madogo juu, anafunga mfuko.

Mama, ambaye asubuhi hugombana na Mama Kavira wa Goma
anayehesabu *makumi munane* na kukataa kushuka,
na mchana wanamega ugali sahani moja.
Mama, aliyemaliza deni la miaka miwili
kati ya Warundi na wachukuzi wa Kirumba
kwa soda mbili na kiti kimoja.
Kiti akampa mgeni.
Mwenyewe alisimama mpaka jua likageuka.

Lakini mnunuzi wa mabondo, Bwana Liu,
ana mizani ndogo inayong'aa kama jino
na maneno matatu: *safi*, *dada*, *hapana*.
Kabla ya kutaja bei hugeukia ziwa
na kusema sentensi moja kwenye simu.
Moja tu. Halafu bei hushuka.
Miaka sita mama amesimama nyuma ya sentensi hiyo
kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba
akisikia vijiko.

Jana usiku, taa imeshazimwa, akaniuliza:
"Nikitoa hayo magunia kumi na manne,
utaniambia huwa anasema nini?"
Nikaanza kueleza: kuna itifaki, kuna mikataba,
muhula wa tatu kuna sheria za bahari—
"Nyanjura. Nimeuliza jambo moja."

Leo nimepiga simu Dar.
Nikauliza kama wanafundisha kusikiliza.
Sauti ikanyamaza, ikapekua kitu,
ikasema masomo yanaanza Oktoba.

Huenda nitarudi baada ya miaka mitatu,
nisimame pale mwaloni, kando ya ile mizani,
nisikie sentensi nzima, na iwe
anamuuliza mwanawe kama amekula,
na bei ilikuwa ikishuka kwa sababu nyingine.
Hata hilo nitamfasiria mama
bila kupunguza, bila kutia chumvi.
Ajue mwenyewe la kufanya nalo.

Nimechukua kalamu ya wino. Nafasi ya kwanza.
Vidole vyangu vilitoka kwenye mabondo muda si mrefu,
na doa la mafuta limekaa juu ya neno *Lugha*,
linaenea taratibu.
Sina fomu nyingine.
Itabidi waisome hivyo.