Doa la Manjano

Barabara ya Nane, Ngamiani. Alhamisi ya singo.
Shangazi Mwanamvua anasaga liwa,
anamimina manjano, marashi kidogo,
mizani yake ni kiganja cha kushoto.

Tone likaruka, likatua kwenye kanga yangu mpya.
Nikakimbilia sabuni. Doa, badala ya kufa,
likawa jekundu, kama limetukanwa.
Wanawake wakaangua kicheko:
"Umeliamsha, msomi!"
Somo Chausiku hakuinua hata uso:
"Lipe ndimu."
Nikakamua. Likarejea rangi yake polepole,
kama mtu aliyeombwa radhi.

Jumatatu, maabara. Mwalimu Shekilindi anatangaza
karatasi za litmasi zimekwisha
tangu muhula uliopita.
Nikachomoa kipande cha kitambaa mfukoni,
kingali kinanukia harusi.
Magadi: jekundu. Siki: manjano.
Darasa zima likasogea.

"Umesoma kitabu gani?"

Nimeshika kalamu mpaka kengele imelia.
Pa kuandika marejeo
niandike nini? Jiwe la kusagia?
Kicheko? Mkono wa kushoto?

Shangazi halijui neno besi.
Nami sijui kwa nini nyimbo zao
hupanda sauti pale pale
manjano yanapokolea,
wala nani alipima kwanza,
mwimbaji au msagaji.

Daftari langu nimelipiga mstari katikati:
huku kemia, huku mambo ya nyumbani.
Leo nimelifungua kwa vidole vichafu.
Doa limekaa juu ya mstari.

Sabuni ipo. Sijaigusa.