Kila Kipande na Jicho Lake

Kilomita kumi na mbili kutoka mlangoni kwetu,
kando ya barabara kuu, kaskazini mwa Newfoundland,
hakuna nyumba, hakuna bomba, hata jina la mahali hakuna.
Kuna mtaro, kuna misonobari iliyodumaa,
na kuna viazi vya mama mkwe wangu.

Matingatinga ya serikali yalipokata njia
yalifukua udongo uliolala chini ya mawe na kinamasi.
Serikali ilitaka lami.
Dulcie Pilgrim alitaka ule udongo.
Kila mmoja akapata chake, na hakuna aliyemlipa mwenzake.

Mwaka huu goti limemgomea.
Anakaa ndani ya pikapu, kioo kimeshushwa nusu,
ananilimisha kwa honi.

Honi moja: rudi nyuma, umeruka mstari.
Honi mbili: kikate hicho,
kina macho manne, unakipandaje kizima kama mtoto wa waziri?
Kila kipande na jicho lake,
na majivu ya jiko kwenye kidonda
kisije kikaoza kabla hakijaota.

Mbolea ya dukani? Hucheka mpaka akakohoa.
Viazi vikishachipua, kapelini huja wenyewe ufukweni kutaga,
wimbi linawamwaga wakimetameta
kama sarafu za kumtuza bibi harusi.
Tunawazoa: ndoo ya kukaanga, ndoo ya kukausha,
ndoo tano za kufukia katikati ya matuta.
Juu yake mwani, ulionyeshewa wiki mbili chumvi itoke.
Siku kadhaa bustani inanuka kama soko lililosahauliwa,
na mbweha anakuja kuuliza bei.

Uzio ni nyavu za chewa,
zilizokosa kazi tangu bahari ilipofungwa.
Zamani zilizuia samaki wasitoke,
sasa zinamzuia musi asiingie,
yule mnyama mrefu kuliko pikapu,
mwenye pembe kama makarai ya zege.
Nimezitundika vifuniko vya makopo, vilie upepo ukipita.
Musi alikuja, akasikiliza,
akala kabichi tatu kwa muziki.

Zilizobaki nilizifunika kwa madumu ya maziwa
yaliyokatwa matako:
mchana kifuniko wazi zipumue,
usiku kifuniko kaza, maana hapa baridi haina kalenda.
Mbegu za maharage zinakaa kwenye vichupa
vya dawa zake za presha.
Kamba za kufungia ni sweta la marehemu Selby, lililofumuliwa.
Kijani, yenye fundo kila alipolipasua kiwiko.

Mtalii mmoja alisimamisha gari, akashangaa:
hakuna kufuli? Hakuna mlinzi?
Dulcie akatoa kichwa dirishani:
"Mwizi akichimba mwenyewe, basi ni kibarua."

Oktoba tulijaza magunia kumi na moja.
Akalamba ncha ya penseli, akafungua daftari.
Mapato: ukurasa mzima.
Matumizi: dola nne na senti hamsini, mbegu za tanipu.
Akaipigia mistari miwili, kama mwalimu aliyeona kosa.

Kisha akaniagiza nimletee tanipu zote kubwa, akazipima kwa kiganja,
akachagua moja isiyo na kovu.
"Hii hailiwi."
Tanipu haikupi mbegu mwaka wa kwanza.
Inalala ghalani, chini ya ardhi, mpaka theluji iishe,
inarudishwa udongoni Mei, inarefuka, inatoa maua,
maua yanakuwa maganda, maganda yanakauka,
unayapukutisha kwenye foronya, unaweka,
na mwaka unaofuata ndipo unapanda bila kulipa.

Nilisimama na ile tanipu mkononi.
Themanini na mmoja, sasa.
Themanini na mbili, maua.
Themanini na tatu...

Akaniona nahesabu.
Akapiga honi.