Kitanda cha Nne

Dulamsuren, mchunga ngamia,
miaka sitini na nane ya kulala Gobi
penye baridi inayopasua ndoo za bati,
anatetemeka mwezi wa Julai, Ulaanbaatar,
nje watu wanakula aiskrimu.

Meno yanagongana. Vyuma vya kitanda vinaitikia.
Mashine ya moyo imechanganyikiwa,
inachora milima badala ya mapigo.
"Naona aibu," anasema, ulimi bado mzito kwa usingizi.
"Binti, mimi? Sijawahi."

Si wewe, mama. Ni ile dawa
iliyofungua milango yote ya ngozi,
joto la tumboni likashuka miguuni, mikononi,
likatoka nje bila kuaga.
Saa tatu nzima tumbo wazi,
maji ya dripu baridi, sabuni baridi,
na daktari Ganzorig anayetaka chumba kiwe friji
kwa sababu yeye hutoka jasho.

Nilimwambia. Tena nitaandika:
blanketi la hewa moto lilikuwa chumba cha pili,
hatua kumi na nne.
Nusu saa ya kumpasha kabla ya sindano,
basi. Usipoziba ufa…
najua. Leo najenga ukuta.

Kipimajoto sikioni: thelathini na tano nukta mbili.
Naongeza oksijeni, maana kutetemeka ni kazi ya sulubu,
misuli inakula hewa kama mpagazi mlimani
na mshono mbichi unavutwa kila mtikisiko.
Naunganisha bomba. Blanketi linavimba.
"Kama ngamia mwenye mimba," anasema,
anataka kucheka, kidonda kinamkataza.

Pethidini, miligramu ishirini na tano, polepole.
Natazama kifua, nahesabu pumzi.
Kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Taya linaacha kwanza. Kisha mabega.
Kidole gumba cha kushoto kinachelewa,
kinabisha bado mlango ambao umeshafunguliwa.

"Ndama akizaliwa kwenye theluji," ananiambia, macho yamefumba,
"tunamtia kwenye mfuko wa sufu akiwa bado na majimaji.
Hatumngoji atetemeke.
Nyinyi mliosoma, mnangoja nini?"

Sina jibu. Namfunika miguu.

Mgonjwa wa saa nane ameshakaa kwenye benchi,
kanzu nyembamba, magoti nje.
Naburuta mashine ya pili korido nzima,
gurudumu moja bovu, linapiga kelele.