Asali ya Mavyaa

Mavyaa Tsiala, mizinga yako naiheshimu.
Asali ya Svaneti haina mwenzie:
tumeilamba harusini, tumeipaka vidondani,
na Nutsa tulimchovyea chuchu ya mpira
kila usiku, hata akatimiza miaka miwili.
Alilala. Nasi tukalala.

Unaikumbuka barabara ya Zugdidi, theluji magurudumuni,
mtoto kajifunika shavu kwa skafu yako?
Daktari alituhesabia kwa sauti ndogo:
manne ya mbele, yamekwisha.
Ukamwuliza, "Si ya utoto tu? Si yataota mengine?"
Hakujibu. Alikuwa anavaa glavu.

Nutsa sasa hucheka mdomo kaufumba.

Jana, nikimnyonyesha Gega, niling'atwa.
Nikapiga ukelele, kisha nikacheka peke yangu jikoni:
jino moja, punje ya mchele,
limechungulia.
Nikachemsha kitambaa, nikakipoza,
nikalifuta kama mtu afutavyo kioo cha taa.
Alikunja uso. Atazoea.

Basi usiku wa leo, mavyaa,
hakuna cha kuchovya.
Atanyonya, nitamfuta, nitamlaza.
Atalia; chumba chako hakiko mbali, utamsikia.
Njoo umbebe, umbembeleze kwa Kisvani chako
nisichokijua hata nusu,
lakini njoo mikono mitupu.

Asali iache mezani.
Asubuhi tutaipaka kwenye mkate,
mimi na wewe, na Nutsa kidogo,
mswaki wake ukimngoja kwenye bilauri.