Kata

Jumanne na Ijumaa ni siku zetu za maji hapa Umoja,
ila Jumanne hii bomba limekohoa mara mbili
likanyamaza.
"Wamekata," akasema Nzilani wa nyumba ya chini,
amekalia kidebe chake cha njano kama kigoda.

Nikapanda ngazi, ghorofa ya nne, mikono mitupu.
Friji nayo imelala tangu juzi, tokeni zimeisha,
mlango wazi, ndani viatu vya shule vya Kyalo.

Pembeni, juu ya ringi ya gurudumu,
umekaa mtungi nilioununua Kariokor
kwa mama mmoja asiyejua kupunguza bei.
Aliugonga kwa kifundo cha kidole: "Sikiliza."
Ukalia.
Akagonga wa pili, ukakwaruza koo.
"Huyu ana ufa usiouona. Wengine wangekuuzia huyu."
Nikalipa mia nane bila neno,
nikaubeba kichwani hadi stendi
juu ya kata niliyoisokota kwa sweta,
mie na viatu vyangu vya ofisini, watu wakicheka.

Wiki ya kwanza nusura niutupe.
Kila alfajiri sakafu imelowa.
Nikapiga simu Mutomo, nikamwambia mama nimepunjwa,
akacheka hadi salio langu likaisha:
"Hauvuji huo. Unatoka jasho.
Siku utakapokauka nje ndiyo uogope."

Tangu hapo huupapasa tumbo kabla sijalala,
kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Leo nimeingiza mkono hadi kwapa
nikasikia kata ikikwangua chini,
kifuu kwa udongo.
Nusu ya Kyalo, aliyerudi na midomo mikavu.
Nusu ya Nzilani, aliyepanda ngazi zote hizo
kikombe amekificha ndani ya leso
kana kwamba amekuja kuuliza saa.

Kyalo akafuta kidevu: "Mama, haya maji yananuka mvua."
Nzilani alikunywa macho amefumba.
Kata moja, kiu mbili zimekatwa,
na waliokata huko juu hawana habari.
Kisha akauliza, kwa sauti ya kuazima chumvi:
"Huyo mama wa Kariokor, hukaa upande gani?"

Usiku bomba likakohoa tena. Hakuna aliyeinuka.
Nikaupapasa mtungi gizani:
mabegani umekauka,
kitakoni bado unyevu,
upana wa vidole viwili.