Nakala ya Tarehe Kumi na Moja

Radi ilipiga Tukuyu saa tisa usiku,
asubuhi ofisi ya chama ikanuka maharage yaliyoungua.
Seva imekufa. Na diski ya akiba,
niliyoiweka juu ya seva ileile ili isipotee,
imekufa nayo: nakala iliyolala kitanda kimoja na mgonjwa.

"Ipo nyingine," nikamwambia mwenyekiti. "Ipo kwenye wingu."
Akatazama dirishani. Mlima Rungwe haukuonekana,
haujaonekana tangu Jumapili.
"Hapa wingu si la kutafuta," akasema. "Lipi lako?"

Langu lilihitaji bando la gigabaiti kumi,
nywila niliyoiandika nyuma ya kalenda ya mbolea,
na mtandao, ambao siku za mvua
hupatikana ukisimama karibu na choo cha wageni.
Nikasimama pale, kompyuta kifuani, mwavuli begani,
Gwakisa, fundi wa Mbeya, akinielekeza kwa simu:
"Usiguse kitu. Hata ikiganda, usiguse."
Asilimia tisa. Asilimia tisa. Asilimia kumi na moja.
Saa nane ikakatika, ikarudi sifuri.
Nikala parachichi bila chumvi, nikaanza upya.

Nakala ya mwisho ilikuwa ya tarehe kumi na moja Machi.
Leo ni tarehe mbili Aprili.
Hapa naomba niseme, kwa kuwa kwenye kikao sikusema:
ni mimi niliyezima upakiaji wa usiku.
Bando lilikuwa linaisha. Nikaona siku chache si kitu.

Jioni wakarudi, wanachama mia sita na wawili,
kila mmoja na namba yake, kilo zake, hali yake.
Niliwapitia kama mtu anayehesabu watoto baada ya kuvuka mto.
Tusajigwe yupo. Ambakisye yupo,
na deni lake la mbolea lipo, atasikitika.
Namba mia nne kumi na saba, Subilaga Mwakalinga:
majani mabichi, kilo kumi na nne. Hali: hai.

Tulimzika tarehe kumi na tisa.
Nilibeba mchele. Niliimba. Kesho yake,
kwa vidole hivi, niliandika "marehemu" kwenye safu yake.
Lakini mashine ilikuwa imerudi nyuma ya msiba,
mahali ambapo yeye bado anashuka na kikapu
kugombana na karani wa mizani kuhusu nusu kilo.

Sikujua kwamba mfumo, ukiamka,
humtumia ujumbe kila aliye hai.
Asubuhi Bupe, bintiye, alikuwa mlangoni,
simu ya mama mkononi, imefungwa mpira isiachane na betri.
"Ilikuwa kabatini, ndani ya khanga. Ikalia.
Huwa naichaji kila Jumapili, sijui kwa nini."
Akanisomea: Ndugu Subilaga, fika ofisini kwa malipo ya majani.
Nilitafuta pa kuweka uso.
Hakuwa na hasira. Alitaka kujua
kama kuna ujumbe mwingine nyuma ya huo.

Wengine walifuata, na stakabadhi za wiki tatu
zilizolowa, zilizotafunwa na panya, zilizokunjwa ndani ya Biblia,
moja ina hesabu ya mahari mgongoni.
Mwaka jana nilitaka karatasi hizi zifutwe.
Nikazichapa moja moja, kimya.

Bupe akatoa ya kwao kwenye mfuko wa sukari:
tarehe kumi na saba Machi, kilo tisa na nusu.
Ile nusu alikuwa ameishinda.

Tisa, nukta, tano.
Ikabaki safu moja.
Saa mbili usiku nakala mpya itapanda, sijaizima tena,
na itabeba nitakachoandika.
Kishale kikawa kinapepesa mbele ya neno lile, herufi tatu.
"Kaa kwanza," nikamwambia Bupe,
nikaenda kuchemsha chai.