Besi Bado

Saa nne na robo, ghala la zamani la pamba, Jinja.
Watu kumi na mmoja, tisa wanatazama simu.
Kagoya amevaa hedifoni sikio moja,
lile jingine ametuachia sisi.

Anaanza na kidogo sana:
tiki kama ya saa ya ukutani,
mvuke wa birika,
kitu kama mtama unaopepetwa chumba cha pili.
Besi bado.

Mimi ni mtu wa jenereta.
Kazi yangu dizeli, na kuujua mngurumo
kwamba utabadilika, kabla haujabadilika.
Kwa hiyo namwelewa, nadhani.
Kidole chake hakizungushi kile kidude, kinakisogeza
unywele mmoja, kisha unywele mwingine,
kama mama alivyokuwa akipunguza makaa chini ya luwombo.
Jani la mgomba likishafungwa, limefungwa.
Anayechungulia atakula mvuke.

Saa tano ngoma imo ndani
na hakuna aliyeiona ikipita mlangoni.
Miguu imejua kabla ya wenye miguu.
Isabirye wa shati la hariri anakuja na noti ya elfu hamsini:
“Weka ile inayopaa! Ile ya harusi ya Waiswa!”
Kagoya anamtabasamia, hajibu.
Noti inabaki mezani kando ya chupa ya maji;
kila pigo linaisogeza kidogo,
kidogo,
mpaka inadondoka upande wa giza.

Besi bado.
Anatuonjesha sauti ya umeme, kavu, ya kutu,
bati linakwaruzwa na msumari.
Anaiondoa.
Tunadhani tumeisahau.
Anairudisha ina meno.

Saa saba na dakika saba anatoa kila kitu.
Ngoma, bati, mvuke, vyote.
Inabaki ile tiki ya mwanzo,
kumbe haikuondoka hata mara moja.
Watu mia mbili na kitu wanashusha pumzi,
na katika uwazi ule, nyuma ya ukuta,
inasikika jenereta yangu.
Hapo ndipo ninapogundua, na ninaona haya kidogo:
usiku mzima amekuwa akipanga nyimbo zake
juu ya mngurumo huu,
sauti kwa sauti.
Nami nilidhani nje huku niko peke yangu.

Ndipo besi.
Haishuki kama radi. Inapanda,
kama maji yanavyomkuta mtu ameketi:
kifundo, goti, kifua.
Hakuna anayepiga kelele.
Isabirye amefumba macho, shati limemganda mgongoni,
harusi ya Waiswa imemtoka kichwani.

Asubuhi nakunja nyaya.
Chini ya meza naikuta noti,
ina alama za viatu, haina mwenyewe.
Kagoya yuko nje amekaa juu ya kreti, anakula rolekisi,
anatafuna polepole, kama mtu
ambaye bado hajafika katikati.